Sauti Aliyoifuta Amoni

Kama umewahi kupita Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, basi kibanda cha Amoni umekiona. Kina spika mbili mlangoni, kompyuta moja iliyochoka, na ubao ulioandikwa kwa chaki: ALBAMU MPYA ZA WIKI, na chini yake namba ya simu. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Ila ukimwita mjaza nyimbo ananuna. Yeye anapendekeza! Dereva wa Ndola anaambiwa rumba ipi imetoka na ipi ni kelele tu. Wachimbaji dhahabu wa Saza anawachagulia singeli, akina mama wanaondoka na kwaya mpya ya Mbeya, na kijana akiomba amapiano anapewa, na ushauri juu. Watu humwita Daktari, naye huitika bila aibu.

Sasa huyo daktari alikuwa na kawaida yake moja. Kadi ikiingia mkononi, kwanza anaichungulia, anaonja vilivyomo sekunde mbili tatu, kisha anafuta vyote ndipo ajaze upya. Eti kadi za vijijini zina virusi. Haulizi mtu. Miaka kumi na moja hajauliza, na hakuna aliyelalamika.

Jumanne moja asubuhi akaja mzee Raphaeli, mkulima wa kahawa kutoka Isansa, akachomoa kadi kwenye redio yake ndogo.

"Niwekee hizo mpya unazozisifia, mwanangu. Wachuma kahawa wangu wamechoka kusikia zilezile."

Akaenda zake kutafuta turubai la kuanikia kahawa. Amoni akachungulia kadi. Nyimbo za zamani, za zamani tena, halafu faili moja limeandikwa Angel. Akalibonyeza. Binti anaimba peke yake, hakuna hata kinanda, jogoo anawika, sufuria linagongwa.

"Huu nao ni muziki?" akacheka. Akafuta. Akamwaga humo albamu nane mpya, kadi ikajaa pomoni.

Saa sita simu ikaita.

"Daktari, ni mimi, mzee wa Isansa. Nilisahau kukwambia, humo kuna faili la Angel. Ni binti yangu, tulimzika mwezi wa tatu. Sauti yake sina kwingine. Hilo usiliguse, eeh? Saa nane nakuja."

"Sawa, mzee," Amoni akajibu. Jamani, alisema sawa! Simu ilipokatika akakaa juu ya ndoo.

Akafungua programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ikazunguka nusu saa nzima, ikaleta picha nusu na majina yasiyo na kitu ndani. Zile albamu nane zilikuwa zimekalia palepale alipokuwa Angel. Akajaribu tena. Yakaja yaleyale. Aliogopa, tusimfichie. Kipigo hakukiogopa. Aliogopa uso wa yule mzee, na aliogopa zaidi chozi la mzazi aliyefiwa, maana yeye mwenyewe ana mabinti wawili nyumbani na majina yao yalikuwa yanampitia kichwani.

Mkewe Diana, anayeuza vocha kibanda cha pili, akaja kuona kwa nini spika zimenyamaza. Akaelezwa.

"Mwambie kadi imeungua. Kwani kadi haziungui?"

"Zinaungua."

"Basi imeungua."

Amoni akachukua koleo aivunje kabisa, pasiwe na ushahidi. Akaibana. Kadi ikateleza ikaanguka chini, akaiokota, akaifuta vumbi. Dereva mmoja akachungulia mlangoni, "Mulishani, mukwai!" akimsalimu kwa Kibemba kama kawaida yao, na Amoni akatazama saa ya kompyuta. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Mzee Raphaeli akaingia na turubai begani. Redio alikuwa ameshaifungua kifuniko, tayari kupokea kadi.

"Shikamoo, baba," Amoni akasema. "Kadi yako ime..." Akaitazama ile redio iliyofunguliwa, akaweka koleo chini. "Nimeifuta, baba. Sauti ya Angel nimeifuta. Sikuuliza. Nisamehe."

Mzee hakupiga kelele. Bora angepiga! Alishusha turubai, akalikalia, akainamisha kichwa. Amoni alisimama mbele yake, wateja wanaona.

"Lakini uliisikia?" mzee akauliza mwishowe.

"Niliisikia."

"Wewe ndiye mjuzi wa nyimbo. Nataka tu uniambie, mwanangu. Angel wangu aliimbaje?"

Amoni akafungua mdomo. Mtu anayempa maksi kila mwanamuziki, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, akatafuta neno moja la kumpa yule baba, akalikosa. Alikuwa amesikiliza sekunde tatu, na hizo alizitumia kucheka.

"Nilisikia jogoo, baba. Na sufuria."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa anakoroga uji," akasema. Akafunga kifuniko cha redio, akabeba turubai lake, akaondoka. Kadi na albamu zake nane vikabaki mezani.

Siku hizi Amoni akipewa kadi anauliza kwanza, "Humu ndani kuna mtu?" Madereva wanamcheka. Yeye hacheki. Ameishika kadi, na anasubiri wamjibu.