Fundi Asiyeamini Shati

Zamani watu wawili wa dini mbili waliweza kubishana miaka kumi na minane juu ya nabii mmoja na kila jioni wakasaidiana kufunga milango ya maduka yao; siku hizi watu wa dini moja hubishana dakika tano kwenye simu, na hawasalimiani tena mpaka kufa.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mpiga pasi wa mmoja wao. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto watatu, nimesimama siku nzima nyuma ya meza na pasi ya mkaa mkononi. Shule niliiona kwa nje tu. Kusoma nilijifunzia pale dukani, kwenye magazeti ya kufungia nguo, na habari za manabii nilizipata kwa masikio, moshi ukiniwasha macho. Leo nikiwasikia vijana wenye vyeti wakitukanana kwa jina la Mungu, najiambia: hawa wamesoma, lakini hawakupigwa pasi.

Bwana wangu tulimwita Fundi, kana kwamba mji mzima haukuwa na fundi mwingine. Alikuwa Mwislamu, mwembamba, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola na utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda msikitini. Alishona mashati peke yake. Ukimletea suruali alikwambia, "Suruali ni nguo ya kukalia. Mimi nashona nguo ya kusemea."

Alikuwa na desturi mbili ambazo sijaziona tena kwa fundi yeyote. Ya kwanza, shati lolote lililoletwa mbele yake aliligeuza nje ndani kabla hajasema neno. "Kwa nje shati linasema uongo," alizoea kusema. "Kwa ndani halina pa kujificha." Ya pili, kila tundu la kifungo alilikagua kwa mdomo. Alilipitisha taratibu kwenye mdomo wa chini, macho kayafumba, akitafuta fundo la uzi lililochomoza.

"Kidole cha fundi kina sugu, kinadanganya," alisema. "Mdomo haudanganyi."

"Mpaka ukianza kuongea," alijibu jirani yake.

Jirani huyo alikuwa Vifungo. Alikuwa Myahudi, mnene, mwenye duka lisilozidi upana wa kabati, naye aliuza vifungo, nyuzi na zipu. Kila aina ya kifungo ilikaa katika kopo lake, na kimoja kimeshonewa juu ya kifuniko ili ujue kilichomo. Alasiri, wateja wakipungua, alikuja kwetu amebeba kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa viti vyetu, alidai, vilikuwa na meno. Kweli pini zilijaa.

Siku ya kwanza walibishana juu ya Nabii Yusuf, na juu yake hawakutoka tena. Ungefikiri manabii wengine hawakuvaa nguo.

"Hebu niambie, bwana wee," Fundi alianza. "Ndugu zake wanamvua kanzu, wanaichovya kwenye damu ya mbuzi, wanampelekea baba. Huyo Yakobo wenu ni mfugaji, damu ya mbuzi anaijua tangu utoto. Anaitazama, anasema mnyama mkali amemla. Basi! Haigeuzi! Hatafuti hata tundu la jino!"

"Yule ni baba, jirani, si polisi. Baba akiona damu ya mwanawe haanzi kukagua mishono."

"Yaakub wetu hakudanganyika. Kurani inasema aliwaambia wazi kwamba nafsi zao ndizo zilizowatungia jambo, akashika subira. Na wafasiri wanasimulia alishangaa: mbwa mwitu gani huyu mpole, amemla mwanangu asichane shati?"

"Wenu kazi yake rahisi. Ameshaonjeshwa mwisho wa hadithi. Wetu hakujua kitu. Alichana nguo zake, akavaa gunia, akalia. Sasa nani alimpenda mtoto zaidi?"

"Aliyekataa kumzika."

"Aliyelia."

"Wetu naye alilia! Alilia mpaka macho yakawa meupe."

"Ala! Kumbe subira yenu ina machozi."

"Nani alikwambia subira ni kavu?"

Hapo Vifungo alicheka hadi kigoda kikalia. Kisha wakahamia mwisho wa hadithi, maana hapo napo hawakuafikiana. Kwa Fundi, Yusuf alipeleka shati lake, likawekwa usoni mwa baba, na baba akaona tena. Kwa Vifungo halikupelekwa shati. Katika Taurati mzee aliambiwa mwanawe yu hai, moyo ukamzizima, asiamini, mpaka alipoiona mikokoteni ambayo Yusuf ameituma kumchukua. Ndipo roho ikamrudia.

"Mikokoteni!" Fundi alipiga paja. "Nabii mzima anafufuliwa na mikokoteni?"

"Mkokoteni ni kitu cha kuaminika, ndugu yangu. Una magurudumu."

Mimi nilicheka hata nikaunguza mkono wa shati la watu. Fundi hakunigombeza. Alisema tu, "Pasi," maana ndivyo walivyoniita, "elimu ina hasara zake."

Lakini si kila mtu alivumiliwa hivyo, na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa miaka ishirini na miwili tuliyemwita Kola, kwa sababu kola alizishona vizuri kuliko baba yake. Tatizo lake lilikuwa matundu. Siku moja alimaliza shati la matundu saba, Fundi akalipitisha mdomoni mbele ya wateja, akalitupa mezani kama aliyeng'atwa.

"Toka. Usirudi humu mpaka ujue kushona tundu la kifungo."

Namjua Fundi. Alimaanisha akanywe maji, apoe, arudi alasiri. Kola alichukua begi lake akaenda mji mkubwa, kwenye viwanda vya nguo. Mama yake alipata barua mbili. Kisha kimya cha miaka miwili.

Akaja mtu. Alikuwa amefanya kazi na Kola, na alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi. Akasema nyumba aliyopanga Kola ilibomoka na mvua, waliokuwemo walifukiwa, wengine hawakutolewa. Akafungua furushi, akatoa shati. Ndicho kilichobaki, alisema.

Pasi ilinipoa mkononi. Fundi alilipokea shati, nalo alikuwa amelishona yeye mwenyewe. Akaligeuza nje ndani. Akapitisha vidole kwenye mishono, akalinusa, akalikung'uta hewani.

"Udongo gani huu wenye adabu?" akasema. "Umemfukia mtu, ukamwachia shati limepigwa pasi?"

Mgeni akainamisha kichwa. "Lilikuwa kwa dobi, mzee. Mimi ndiye niliyelichukua. Sikutaka nije mikono mitupu."

"Basi umeniletea habari za dobi," Fundi akasema. "Ahsante. Karibu maji."

Baada ya hapo hakukubali kuwekwe matanga. Majirani walikuja na maneno ya pole, akawajibu kwamba pole wampe atakayefiwa. Watu wakanong'ona kuwa akili imemruka. Vifungo peke yake alimwambia usoni, na alimwambia kwa upole: "Jirani, nyumba ilianguka kweli. Lia. Yakobo alilia."

"Yakobo aliamini shati."

"Na wewe unaamini nini?"

Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Kwa wiki nzima hawakubishana, na mimi sijawahi kusikia duka likiwa kimya namna ile. Hata cherehani ilionekana kuona haya.

Ulipotimia mwaka, mke wa Fundi alikuja dukani mchana. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alikuwa amekonda, na alisimama mlangoni akiwatazama wazee wawili kama mtu aliyeleta kesi.

"Ninyi mna vitabu," akasema. "Miaka yote mnamgombania baba wa Yusuf mchana kutwa. Mimi ni mama, nataka neno moja. Nilie, au nisilie? Nikilia, nahisi namzika kwa mikono yangu. Nisipolia, nasongwa. Niambieni, nishike lipi?"

Fundi akaushika utepe wake wa kupimia, akauzungusha kidoleni, akauachia. Alipoanza kusema, hakumtazama mkewe.

"Mke wangu, usiniulize mimi. Mwaka mzima nimejifanya Yaakub. Yaakub hakumfukuza mtoto. Mimi ni wale ndugu zake. Mimi ndiye niliyemtupa kisimani, mbele ya wateja."

Nikageuka kuchochea mkaa usiohitaji kuchochewa. Vifungo alilizungusha kopo la vifungo alilokuja nalo.

"Shemeji," akasema mwishowe, "kuna jambo nimelificha, kwa kuwa lingempa huyu mumeo ushindi, na ushindi haumfai. Taurati inasema Yakobo alikataa kufarijiwa. Wanawe wote walimwendea, akakataa. Wazee wetu wa elimu waliuliza, kwa nini? Kila mfiwa mwisho hufarijika. Wakajibu: moyo umepewa kumsahau aliyekufa, pole pole. Lakini aliye hai, hata ukidhani amekufa, moyo haupewi kumsahau. Yakobo hakujua. Moyo wake ulijua." Akapenga kamasi kwa kishindo. "Mwaka umepita. Umefarijika, shemeji?"

"Hata chembe."

"Basi lia upendavyo, lakini usizike."

Fundi alimwangalia muda mrefu. "Miaka yote hii," akasema, "ulikuwa na hilo mfukoni?"

"Mwenye duka haweki mali yote mlangoni."

Jioni ile Fundi alikata shati. Kipimo alikuwa nacho kichwani, akaongeza vidole viwili kiunoni kwa ajili ya miaka. Akashona matundu sita. La saba, la chini kabisa, akalichora kwa chaki akaliacha hivyo, halijakatwa wala kushonwa. Vifungo alikuwa akienda mji ule mara moja kila mwaka kununua mali, akalichukua. Mpango wake ulikuwa wa kibiashara, ndiyo maana nauamini mpaka leo. Angelitundika katika duka la jumla, juu ya kaunta. "Fundi anaweza kuhama nyumba, kuhama mtaa, kubadili jina," alisema. "Vifungo lazima anunue. Na fundi yeyote akiona shati lina tundu lisiloshonwa, atauliza."

Alirudi na mizigo yake, shati ameliacha kule. Tukasubiri. Mwezi wa kwanza waliulizana kila siku. Mwezi wa nne hawakuulizana, ila walianza tena kubishana juu ya Yusuf, na nikajua ndiyo namna yao ya kuuliza. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemwingia Fundi macho yote mawili. Mimi nilimtungia uzi kwenye sindano. Matundu aliyashona kwa kupapasa, akayakagua kwa mdomo kama kawaida, nayo yalikuwa safi.

Miezi ikapita, duka likapungua. Yalikuja mashati ya mitumba, kisha ya kiwandani ambayo vifungo vyake vinaanguka kabla mtu hajafika kwake, na watu wakayapenda. Nikapata kazi mbali, kwa ndugu wa mke wangu. Siku yangu ya mwisho nilikuja kurudisha ufunguo na kuaga.

Vifungo alikuwa kwenye kigoda chake, Fundi mbele ya cherehani. Nilikuwa bado natafuta maneno ndipo nje pakasikika magurudumu, na mvutaji akipiga kelele watu wampishe. Mkokoteni ulisimama mlangoni. Juu yake palikuwa na begi, cherehani imefungwa kamba, na kando yake mwanamume mnene, kola yake imenyooka kuliko ya waziri. Sikumtambua mpaka alipotabasamu.

Aliingia, akaliweka shati lile la duka la jumla mikononi mwa baba yake. Fundi akaligeuza nje ndani. Akashuka kwa vidole tundu la kwanza, la pili, mpaka la saba, sasa limeshonwa. Akaliinua mpaka mdomoni, akafumba macho yale yasiyoona, akalipitisha polepole. Mara moja. Mara ya pili. Kisha akajifunika shati lote usoni, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Ulisema nisirudi mpaka nijue, Baba," Kola akasema. "Nilichelewa kujua."

"Nani kakwambia umejua?" sauti ikatoka ndani ya shati. "Kuna fundo moja."

"Anaona?" Vifungo akaniuliza kwa kunong'ona, amenishika mkono. "Pasi, muulize, anaona?"

"Sioni kitu, Myahudi wee, mimi si nabii!" Fundi akasema. "Lakini ni shati! Umeona mwenyewe! Limeletwa shati!"

"Shati gani? Mkokoteni umefika kwanza! Nimeusikia kwa masikio yangu mawili. Pasi ni shahidi!"

"Pasi, sema haki!"

Mimi nilisema nakwenda kumwita mama. Nilimkuta uani anafua, nikamwambia, akapita mbio miguu mitupu, povu mikononi. Gari langu lilikuwa linaondoka, sikurudi ndani. Nilipopita mbele ya duka, mvutaji alikuwa bado anangoja mtu amshushie ile cherehani, wala hapakuwa na aliyemjali. Mle ndani mama alikuwa amemng'ang'ania mwanawe shingoni, na wale wazee wawili wamelishika shati kila mmoja upande wake, wanapigiana kelele, mashavu yamelowa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona.