Samaki Mgonjwa na Zizi la Pili

Ipo Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi harufu yake: harufu ya mipira mipya ya baiskeli iliyochanganyika na maji ya chumvi. Nilikuwa ndani ya duka la Mzee Karimu, Shinyanga mjini, nimeinama mbele ya tangi la kioo, namtazama samaki aliyekuwa akielekea kufa.

Najua utauliza: samaki wa baharini, Shinyanga? Uliza tu. Mzee Karimu aliuza vipuri vya baiskeli kama babu yake aliyetoka India akafungua duka lile, lakini moyo wake ulikuwa kwa samaki. Ndugu zake wa Dar es Salaam walimletea samaki hao kwa treni, pamoja na madumu ya maji ya bahari. Wengine aliwafuga, wengine aliwauza kwa watu aliowaamini.

Mmoja wa watu hao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa pamba na ng'ombe, bahari waliijua kwa ramani. Nilimsumbua mkuu wa shule mpaka akaniruhusu kuweka tangi la bahari ndani ya maabara. Tulikuwa na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kamba mmoja aliyetembea juu ya mawe kwa madaha kama bibi harusi. Shule nyingine zilikuja kutazama. Nilijivuna wakati ule, na hata leo sioni sababu ya kujificha.

Sasa huyu mgonjwa. Alikuwa wa manjano mwenye mistari ya buluu, upana wa kiganja, mzuri wa kuumiza macho. Lakini mwili wake ulikuwa na madoa meupe kana kwamba mtu amemnyunyizia chumvi, na kila mara alijisugua kwenye jiwe.

"Mchukue, mwalimu," Mzee Karimu aliniambia. "Bei ya kutupa. Ni joto tu hilo. Kuna mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita anamtaka kwa ajili ya baa yake kule mtaani Kalangalala, lakini mimi sipendi samaki wangu aende kulewa."

"Kama ni joto, mbona anajikuna?"

"Haya, ameanza."

"Na haya madoa? Joto linatoa madoa?"

"Wewe mwalimu, siku ukifika peponi utamdai malaika cheti."

Nilikuwa nimeongozana na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, mfugaji wa Kolandoto. Alikuwa amefuata tairi. "Mwangaluka," alimsalimu mwenye duka, na wale wazee wakazama katika Kisukuma kirefu ambacho nusu yake kilinipita.

"Umesikia?" mjomba alinigeukia. "Huyu Mhindi ni Msukuma kuliko wewe."

Kisha akafanya kile anachofanya mnadani. Hakugusa kitu wala hakuuliza bei. Alirudi nyuma hatua chache akamtazama mnyama kwanza akiwa peke yake, halafu akasema, "Mpe chakula nimwone." Mzee Karimu alitia chakula. Samaki alisita, akasogea, akadonoa. Akadonoa tena.

"Anakula," mjomba alisema. "Anayekula bado ana nia."

Hapo moyo wangu ukaruka. Nikasema, "Basi namchukua."

"Unampeleka wapi?"

"Kwenye tangi la shule."

Mjomba alifyonya. "Mpwa wangu, tangu asubuhi umetuuliza maswali watu wote. Umeniuliza mimi, umemwuliza huyu mzee, umemwuliza hata mwuza karanga kwa nini karanga zake ni nyekundu. Mtu mmoja tu hujamwuliza, nafsi yako. Mwenye zizi moja hanunui ng'ombe mgonjwa."

Lile karipio liliniingia, mwanangu, lakini mimi si wa kuacha neno lipite bila kulijibu. Nikamjibu, "Kwa hiyo tumwache afe, kwa sababu samaki mmoja akioza wote wameoza?"

"Nimesema hivyo? Nimesema zizi moja. Kajenge la pili, ndipo urudi."

Akanieleza jinsi wanavyofanya kwao. Ng'ombe aliyenunuliwa leo halali na wenzake leo. Anafungwa upande wake, ana chombo chake cha maji, na anayemhudumia hapiti katikati ya wale wengine.

"Kwa nini?"

"Baba yangu alifanya hivyo."

"Na kama baba yako alikosea?"

Mzee Karimu alishika mdomo. Mtoto wa dada kumwambia mjomba vile, tena mbele ya watu! Lakini mjomba alicheka mpaka akashika kaunta. "Ng'ombe wangu wapo, wa jirani yangu walikwisha. Mimi najua hilo. Sababu katafute wewe, ndiyo kazi tuliyokusomeshea."

Mzee Karimu alikubali kunishikia samaki hadi jioni. Nikaenda kujenga zizi: beseni kubwa la plastiki chumbani kwangu, kwenye nyumba za walimu, maji ya bahari kutoka kwenye madumu, pampu ndogo ya hewa ya kuazima, wavu wake peke yake. Ndoo iliyoingia kwenye beseni lile haikuruhusiwa kukanyaga maabara.

Jioni nikamleta samaki, mjomba akiwa nami. Dawa tuliyoafikiana ilikuwa mrututu, yale mawe ya buluu ambayo mjomba huyayeyusha na kuwaogeshea ng'ombe kwato. Nilikuwa nimesoma kwamba shaba iliyomo ndani yake huua wadudu wadogo wasioonekana wanaoleta madoa kama yale, na kwamba humwua kamba pia. Kwa hiyo hata tiba yenyewe isingeweza kuingia kwenye tangi la shule. Hapo ndipo nilipoiona sababu niliyotumwa kuitafuta.

"Tia kipande," mjomba alisema.

"Kipande gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kutosha ng'ombe au samaki?"

Akanikabidhi lile jiwe. "Hapo umenipata. Pima wewe."

Nikapima kwenye mizani ya maabara, nikarudia kupima, maana dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja.

Madoa yakaanza kudondoka. Baada ya muda samaki aling'aa kama sahani mpya. Na ndipo shida yenyewe ilipokuja, mwanangu, kwa sababu ugonjwa humjaribu mganga zaidi siku unapojifanya umeondoka.

Shule ilikuwa inasubiri mgeni rasmi. Mkuu wa shule, aliyezaliwa Chato kando ya ziwa, alikuja kumwona samaki kwenye beseni, akapendezwa mno.

"Mhamishie kwenye tangi," aliagiza. "Mgeni amkute pale."

"Bado, mkuu."

"Bado nini? Mimi mtu wa Chato, samaki mgonjwa namjua. Huyu mzima kuliko mimi na wewe."

"Madoa yakidondoka hayafi yote. Mengine yanashuka chini, yanazaana, halafu yanapanda tena. Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

"Umeyaona yakizaana?"

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa mimi ningeliuliza hilohilo. Nikamjibu ukweli: "Sijayaona. Ndiyo maana nasubiri."

"Mwalimu, hilo ni agizo."

"Mkuu, shikamoo nakupa. Samaki sikupi."

Alivuta pumzi ndefu. "Sawa. Mgeni akishaondoka tutazungumza kama tangi lenyewe linahitajika hapa shuleni."

Sikula vizuri siku zile. Nilijua ninachoweka rehani: tangi, kazi ya wanafunzi, na jina langu jipya la ualimu, yote kwa ajili ya wadudu ambao sikuwahi kuwaona kwa macho yangu. Nilijiuliza kama ni elimu au ni ubishi tu uliovaa joho. Kila nilipojiuliza nilirudi palepale: nikikosea kwa kusubiri, mgeni atakosa kuona samaki mmoja, nikikosea kwa kuharakisha, watoto watakosa wote.

Mgeni alikuja, akawaona wale wadogo na kamba, akafurahi, akaondoka. Hakujua kama kulikuwa na mwingine.

Wiki ileile, asubuhi, nilifunua beseni nikakuta madoa yamerudi, mengi kuliko mwanzo. Nilimhurumia yule samaki, lakini nisikudanganye, nilitamani kupiga vigelegele. Nikamwita mkuu. Alichuchumaa akalitazama beseni.

"Angekuwa kwenye tangi..." alianza.

"Ndiyo, mkuu."

Alisimama, akajikung'uta magoti. "Tangi libaki. Na mimi nisijifanye tena mtu wa Chato. Sisi kule tulizoea kuwaona kwenye mchuzi."

Tulimtibu upya. Hata madoa yalipokwisha kabisa nilisubiri tena mpaka wanafunzi wakachoka kuniuliza. Siku nilipomhamishia kwenye tangi na yule kamba akampisha njia, darasa zima lilipiga makofi. Mjomba alikuja kutoka Kolandoto na koti lake la kwenda kanisani. Alisimama mlangoni mwa maabara akimwambia kila aliyepita, hata wasiomwuliza, "Huyo samaki ni mgonjwa wa mpwa wangu. Kamponya kwa kubisha."

Sijawahi kupata cheti kinachoishinda sentensi ile.

Sasa unapoondoka nyumbani, nikuachie hili, mwanangu. Utaambiwa kwamba kitu kigonjwa hakinunuliwi, na utaambiwa pia kwamba mwenye huruma hachagui. Usiyameze yote mawili bila kutafuna. Mtazame kwanza mgonjwa mwenyewe: akipewa chakula, anakuja? Halafu jitazame wewe. Kama huna mahali pa kumweka mbali na wale unaowapenda, huruma yako itawaua wengi kwa jina la mmoja, na hapo kuondoka mikono mitupu si ukatili. Kama unapo mahali, mchukue bila aibu, na upime dawa yako kwa mizani, si kwa majivuno. Atakapong'aa, usikimbilie kumwonyesha kwa wageni. Subiri kupona, usisubiri kusifiwa. Na mkubwa akikuamuru kuharakisha, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata mimi usiniamini kwa sababu ya mvi. Niulize, na jibu likipwaya, nenda kaulize mbele.

Mungu akupe jicho lisilodanganywa na mng'ao. Akupe wazee wanaocheka unapowabishia. Nyumba yako iwe na nafasi ya mgonjwa na usalama wa wazima, na mikono yako iponye zaidi ya inavyojisifu. Nenda salama, mwanangu. Najivunia wewe tangu sasa.