Nilivyokuwa nameza dawa ya pua huku harufu ya papa ikiisha kwenye kanzu

Salaam wakuu. Ninayosimulia hapa yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Nimezaliwa Kisangani. Wakati wa uasi, papa, yaani baba yangu, alisukuma baiskeli yake ya biashara kwenda Banalia, barabara ikafungwa nyuma yake.

Nyumbani ikabaki kanzu yake ya Ijumaa, imening'inia kwenye msumari.

Mama alikataa kuifua. Kila jioni aliipeleka puani, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliye mbali. Udi na jasho la papa.

"Iko bado," aliniambia. "Lakini iko inapunguka, mutoto yangu. Nusa mbio."

Ninuse na nini? Pua yangu ilikuwa imeziba miezi, aleji ya vumbi na moshi. Nilimwonea mama wivu, nasema ukweli.

Tante Zaina, dada yake papa, muuguzi, akanipatia spray ya pua. Kwa mji uliofungwa, hiyo ilikuwa mali.

Sasa kwetu dawa ya pua ni majani. Unalala chali, unakamuliwa matone, unavuta kwa nguvu mpaka machozi. Nami nikaifanyia spray hivyo hivyo. Yote kooni, chungu! Siku zikapita, pua kimya.

Tante akanikuta chali, akacheka mpaka akakaa chini.

"Eh! Uko unakunywa dawa? Bon. Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo. Mukono ya kuume, pua ya kushoto, elekeza upande ya sikio, hapana katikati. Alors, vuta polepole, comme uko unanusa maua. Na kila siku! Haiko dawa ya leo kwa leo."

Nikatii. Mwanzoni hakuna kitu.

Halafu asubuhi moja, nusu usingizini, nikasikia harufu ya mto. Matope, samaki wa kukaushwa, mvua ya jana. Nikadhani naota.

Nikaiendea kanzu. Kifuani hakuna. Mikononi hakuna. Niliogopa sana, wakuu.

Shingoni, kwa ndani, ilikuwepo. Kidogo tu.

Basi funzo: spray haitaki nguvu, inataka kuinama na subira. Mimi si daktari, muulizeni wenu. Ninyi mmekuwa mkiitumiaje? Mwageni hapa chini, hata kunicheka ruksa.

Na kabla hamjauliza: papa hakurudi.

Asubuhi ile nilivuta polepole, kama dada yake alivyonifunza, ili mama naye abakiwe na harufu yake ya jioni.