Tasnifu Iliyonitoa Madhabahuni

Siku ya kwanza nilipopelekwa Saza kuwa mwinjilisti sikukuta hata tofali. Nilikuta turubai limetoboka na wachimba dhahabu wachache wenye vumbi mpaka kwenye kope. Mchungaji Kiongozi aliyenileta alinionyesha kichuguu akasema, "Madhabahu yako hiyo." Nikapanda. Nilihubiri mpaka wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wakazizima waje kusikia. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba, na hilo la saba nilikaa zaidi kwenye shamba la kahawa la baba kuliko darasani. Lakini kanisa la Saza nimelijenga mimi. Nanyala nilikuta wazee hawasalimiani, nikaondoka nimeacha kwaya mbili. Mpemba, usharika wa jirani na Tunduma nilikofanywa mchungaji, ndiyo usiseme: madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpakani waliwaachia utingo malori wakaja kunisikiliza.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye huduma, mjue jinsi kazi ilivyobadilika mikononi mwetu. Askofu alitangaza kwamba mchungaji wa usharika sharti awe na shahada, asiye nayo apishe. Nami usharika wa Mpemba sikutaka kuupisha. Nilipitia cheti, nikapita diploma, nikaingia shahada nikiwa na wajukuu. Darasani wananiita Babu. "Babu, leo tena umerudishiwa wino mwekundu tupu?" Nawajibu, mkimaliza mje niwafundishe kuhubiri.

Mwaka wa mwisho ukaja na tasnifu. Kwa asiyejua, tasnifu ni kitabu unachokiandika mwenyewe kuhusu swali moja, na kila unalosema unaonyesha umelitoa wapi. Maelezo hayo yanakaa chini ya ukurasa, yanaitwa tanbihi. Mimi nilichagua sheria ya Musa inayokataza kusogeza mpaka wa shamba la jirani. Nani angenifundisha habari za mpaka, mimi wa Tunduma?

Msimamizi, yaani mwalimu wa kukuongoza, alikuwa Mama Daktari, mdogo kwa binti yangu wa kwanza. Sura ya pili nilimpelekea nikijua atalia machozi.

"Mchungaji," akasema, "hapa umeandika Mungu anasema na msomaji. Umelitoa wapi?"

"Kwa Roho."

"Basi mweke kwenye tanbihi."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sura ya tatu ni ya mbinu. Pale unaeleza umewauliza nani na umewaulizaje. Njia yao ni dodoso, karatasi ya maswali ambayo kila mtu anaijibu peke yake. Nikaona huo ni mzunguko wa bure kwa mtu mwenye usharika wake. Jumapili nikasimama madhabahuni na joho langu, nikauliza, "Wapendwa, mpaka wa jirani uheshimiwe, usiheshimiwe?"

"Uheshimiweee!"

"Semeni Amina!"

Amina ikatikisa bati. Mzee wa kanisa akahesabu vichwa, nikaandika: wote wamekubali.

Siku ya utetezi unaketi mbele ya walimu uitetee kazi yako. Mkuu wa Chuo alifungua ukurasa ule akausoma mara mbili.

"Mtumishi, hakuna hata mmoja aliyekataa?"

"Hakuna, Mkuu. Usharika wangu una umoja."

"Kati ya hao wote hakuna mwenye kesi ya shamba?"

"Wapo. Ndugu wawili, wanashtakiana kwenye baraza la kata kwa ajili ya mpaka wa mahindi."

"Nao waliitika?"

Nilijua jibu, maana nilikuwa nawatazama. "Mkuu, hao ndio waliopaza sauti kuliko wote."

Hakuna aliyecheka. Mama Daktari aliinamia karatasi zake. Wakaniambia rudia sura ya tatu, ukaulize nyumba kwa nyumba.

Nikaenda, dodoso mkononi, bila joho. Nyumba ya kwanza mama mmoja wa kwaya alinivutia kigoda, akaishika kalamu, akaniangalia usoni. "Baba Mchungaji, unataka tujibuje?" Nikamwambia, "Jibu la moyoni." "Haya, lakini lipi litakusaidia?" Nyumba ya pili hivyo hivyo. Yule mkubwa wa wale ndugu wenye kesi ndiye alinimaliza: "Baba, wewe jaza tu. Sisi siku zote tuko na wewe."

Sikujaza. Nilikaa mbele ya sura ya tatu mpaka chuo kikanifutia usajili. Askofu akaniita. "Mzee wangu, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika." Ndivyo nilivyostaafu, meno yote yapo mdomoni na sauti inafika barabara kuu bila kipaza sauti.

Vijana, mtaambiwa tasnifu ni ngumu kwa sababu ya tanbihi. Hizo mtu anajifunza. Mimi iliniachia swali ambalo sina wa kumuuliza: miaka yote ile, Saza, Nanyala, Mpemba, walikuwa wanaitikia nini?

Juzi kijana aliyechukua nafasi yangu alikuja nyumbani. "Baba, Jumapili tuhubirie, watu wamekukumbuka." Nikamwambia koo linaniuma. Koo halina kitu. Niliogopa nitasema neno nao wataitika.