Usafi wa Kupokea Simu

Jina lake ni Beverley, na mtaa mzima unamwita Bev. Mimi halikunitoka mdomoni. Ni mwanamke wa umri wa kunizaa, kwa hiyo nikaanza kumwita kwa jina la binti yake, Mama Kirsty. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili akaniuliza kama kwetu kila mama huitwa hivyo, nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni jina zuri, kipenzi. Liendelee."

Tunaishi Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ukuta kwa ukuta, kwenye zile nyumba za mawe zilizoshikana kilima kizima. Nasikia birika lake likichemka, naye humsikia mwanangu Zawena akilia. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na wapo wanaume wenye ndevu hapa mtaani, aliowalisha utotoni, ambao wakikutana naye bado wanamdai keki ya jemu ya kumwagia kastadi. Halafu baridi yabisi ikamshika, ile mbaya inayokula viungo. Vidole vyake vimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Kuna siku anafungua mlango anacheka, kuna siku kitasa chenyewe kinamshinda.

Serikali ilimpa posho ya ulemavu, na kwa posho hiyo akakodishiwa gari dogo la kijivu, usukani wake una kirungu cha kusukuma kwa kiganja. Huenda nalo sokoni, kliniki, kwa rafiki yake Pauline. Akikosa gari, hashuki kile kilima, na akishuka hapandi.

Sasa wakamwandikia kwamba hali yake itapimwa upya, kwa simu, siku ya Alhamisi. Wakiona anajiweza, posho inakatwa na gari linarudishwa. Nilidhani anaogopa kunyimwa. Kumbe kilichomnyima usingizi ni kuomba.

Jumatatu Pauline alikuja kumfanyisha mazoezi ya kujibu simu hiyo. Walipika pamoja shuleni, na sauti yake mpaka leo ni ya kuita watoto uwanjani. Akakaa kwenye kochi, akaweka ndizi sikioni.

"Habari za asubuhi, Bi Hargreaves. Unajisikiaje leo?"

"Sijambo kabisa, asante, kipenzi. Na wewe?"

Pauline akaitupa ndizi mezani. "Umefeli! Bev, umefeli hata hujakaa vizuri!"

"Si nimesalimiwa? Nisiitikie?"

"Itikia ukweli!"

"Mtu hanijui wala simjui, nimmwagie matumbo yangu? Mama yangu angenionaje?"

"Mama yako ni marehemu, Bev, na hakuwahi kuwa na gari. Haya. Unaweza kupika?"

"Nilikuwa mpishi."

"Sasa hivi, mwanamke!"

"Napika."

"Unapika nini?"

"Tosti."

"Na kopo la maharage anafungua nani?"

"Kirsty."

"Na Kirsty akiwa kazini?"

Mama Kirsty akajitazama vidole. "Sili maharage."

Nilicheka nikaficha uso kwenye nywele za Zawena, halafu kicheko kikaniisha chenyewe. Ndivyo walivyo watu wa hapa. Umkute mtu amevunjika mguu, umuulize hali, atakwambia si mbaya, kisha akuombe radhi kwa kukuzibia njia. Pauline mwenyewe, aliyekuwa akimfokea, alipotoka nilimuuliza nyonga yake inaendeleaje. "Ah, siwezi kulalamika," akasema, akashuka ngazi za mlangoni kiupandeupande.

Tulipobaki wawili, Mama Kirsty akaanza kunitajia watu. Yule bwana wa pale juu aliyekatwa mguu. Yule mtoto wa kanisani asiyeweza kukaa. "Wale ndio walemavu, kipenzi. Mimi naumwa mikono tu. Nitawaambiaje watu wa serikali nipeni mimi?"

"Si mikono tu," nikamwambia. "Na beseni je?"

Akatazama dirishani.

Mwezi uliotangulia alikuwa amenasa kwenye beseni la kuogea, lile refu la kujilaza ndani. Magoti yaligoma, mikono haikuwa na nguvu ya kumnyanyua, akabaki anagonga ukuta kwa chupa ya shampuu mpaka nilipomsikia nikaenda na ufunguo. Maji yalikuwa yameshapoa. Nilimpitishia shuka chini ya makwapa nikamvuta, yeye analia na kuniomba samahani kwamba ninalowa. Halafu akaniapisha nisimwambie Kirsty.

Maana Kirsty, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga mbali, huko Glasgow, Uskoti, aanze Septemba. Tangu amalize shule anabeba maboksi kwenye ghala la duka kubwa.

"Nikisema ukweli kwenye simu, utaandikwa kwenye barua ya majibu, na Kirsty ndiye anayenifungulia barua," akaniambia. "Akijua, haendi. Nikisema sijambo, gari linaondoka. Sasa niambie wewe." Alikuwa amekubali Alhamisi kwa sababu Kirsty angekuwa zamu. Akaniomba mimi ndiye nikae naye.

Jumatano nikasikia mashine ya kufyonza vumbi ikinguruma ukutani. Ikanguruma, ikanguruma. Nikambeba Zawena nikaenda. Nilimkuta amepiga magoti anafuta ubao wa chini ya ukuta, ametoa mapazia, amesogeza kochi.

"Mama Kirsty, hawaji. Wanapiga simu."

"Najua wanapiga simu."

"Simu haioni vumbi."

"Najua, kipenzi, sijawa kichaa." Akaendelea kufuta. "Lakini siwezi kuzungumza na mtu wa ofisi huku nimekaa kwenye nyumba chafu. Nitaona haya, naye ataisikia sauti yangu."

Nikamnyang'anya kitambaa. Nilifuta madirisha, yeye akapita nyuma yangu akiyafuta tena.

Alhamisi nilipoingia alikuwa amekaa wima kwenye kochi, amepaka rangi ya mdomo, na mezani kuna biskuti kwenye sahani nzuri. Nguo ni zile zile za jana. Nikaona blanketi limekunjwa nyuma ya mto, nikaelewa kwamba hakupanda chumbani, na Kirsty, aliyekuwa ghalani tangu usiku, hakumwona. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Simu ilipolia mimi ndiye niliyebonyeza, nikaiweka kwenye spika.

Alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya upole, akasema zamani alikuwa muuguzi. Akauliza Bi Hargreaves anajisikiaje leo. Nikamfinya goti.

"Sijambo, asante," akasema Mama Kirsty, na macho yakanitazama kama ya mtoto aliyejikojolea. "Na wewe, kipenzi?"

Bwana akasema hajambo. Akauliza kuhusu dawa, kuhusu kuvaa. "Navaa," akasema. "Polepole, lakini navaa." Kupika? "Najitahidi." Nikasikia vidole vya yule bwana vikigonga kompyuta. Kila akijibu, vinagonga.

"Na usafi wa nyumba, unafanywa na nani?"

Hapo akanyanyua kidevu. "Mimi mwenyewe. Jana nimesafisha chumba hiki chote, mpaka nyuma ya kochi."

Vikagonga, vikagonga. Nilihisi gari linateremka kilima hivihivi nikilitazama.

Mlango wa barabarani ukafunguliwa. Kirsty, amelowa, bado na sweta la kazini. Alikuwa amemwachia mwenzake saa za mwisho za zamu ili awe na mama yake. Akaona simu, akaweka kidole mdomoni, akaketi kwenye ngazi ya chini na kututabasamia.

"Vizuri," bwana akasema. "Na baada ya usafi huo, Bi Hargreaves? Jioni yako ilikuwaje?"

Mama Kirsty alimtazama binti yake. Nilimwona akifungua mdomo, na neno lile lile likiwa tayari pale. Lakini halikutoka. Akageuza uso akautazama ukuta, upande wa kwangu.

"Sikuweza kupanda ngazi," akasema. "Nimelala hapa. Samahani."

"Usiombe samahani. Endelea."

"Nguo hizi ni za jana. Sikuweza vifungo. Chai nimekunywa baridi kwa sababu birika ni zito, samahani. Binti yangu akiwa kazini sili kitu cha kufungua. Na mwezi uliopita nilinasa bafuni. Sikuweza kutoka. Jirani yangu alinitoa kwa shuka." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wako wengi wenye hali mbaya kuliko yangu. Samahani sana."

Kirsty hakutabasamu tena. Alikuwa ameshika reli ya ngazi.

Bwana aliendelea kuuliza, taratibu, naye akaendelea kujibu akiutazama ukuta mpaka mwisho. Bwana akamshukuru, akamtakia siku njema. Nikakata simu.

"Shuka gani?" Kirsty akauliza. Akanigeukia mimi. "Ulijua."

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kazini," mama yake akasema. "Ulikuwa kazini, kipenzi, usijitese."

"Siendi Glasgow."

"Utakwenda."

"Mama, siendi, na tusigombane."

"Unaona?" Mama Kirsty akanipigia kelele mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema. "Unaona sasa? Ningesema sijambo tu! Neno moja! Nimelisema maisha yangu yote!" Akalia kwa mdomo wazi, rangi ya mdomo ikimchafuka kidevuni, na Kirsty akaja akakaa naye akamshika ile mikono kwa chini, kama unavyoshika mayai.

Posho ilikubaliwa, na gari likabaki. Pauline alileta keki, akacheza kidogo barabarani mbele ya watu. Mama Kirsty alikata keki, akatugawia, yeye mwenyewe hakula. Chuo kilikuwa kimekubali kumwekea Kirsty nafasi yake mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao ni mbali mtu akiwa anabeba maboksi.

Tangu hapo, kila Kirsty akitoka zamu, mama yake anamfuata na gari ghalani. Hata siku ambazo mikono ilipaswa kulala. Kirsty amesema atapanda basi, amesema mpaka amechoka. Jana mimi na Zawena tulikuwa kiti cha nyuma. Tulifika mapema, tukasimama getini, mvua inanyesha.

"Mama Kirsty," nikasema, "hujamwibia mtu."

"Najua." Alikuwa anautazama mlango wa ghala. "Lakini saa hizi angekuwa darasani."

Kirsty akatoka akikimbia, kofia ya sweta kichwani. Hakwenda upande wa abiria. Akafungua mlango wa mama yake.

"Sogea huko. Naendesha mimi."

"Utalowa, kipenzi, zunguka upande wa pili."

"Sogea, Mama."

Akaanza kusogea, mguu mmoja, halafu mwingine, akishikilia kiti kwa kiwiko. Ilichukua muda. Kirsty alisimama na mlango mkononi, maji yakimtiririka puani, asimharakishe.