Mzee Gundi na Dawa ya Wadudu

Watu wa jumba la mimea mikavu walimwita Mzee Gundi, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka arobaini kasoro miwili kazi yake ilikuwa kubandika mimea iliyokaushwa juu ya karatasi ngumu, jani na ua na mzizi, kila kimoja kikae kama kilivyokaa kilipokuwa hai. Kisha aliandika lebo kwa kalamu ya kuchovya, kwenye kona ya chini: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe. Darasani hakukaa zaidi ya miaka saba, lakini majina ya Kilatini aliyamwaga kama mtu anayewaita wanawe waje kula.

Hiyo ilikuwa enzi ya watu waliojua kazi. Ua dogo kama punje ya mtama lilikula asubuhi nzima, na hakuna aliyeuliza mbona unachelewa. Siku hizi jani linapigwa picha kwa simu, picha inatupwa kwenye kompyuta, na aliyelipiga hajui hata linanukaje. Mzee Gundi alikwisha kustaafu, wakamrudisha siku tatu kwa juma kwa sababu moja tu: kati ya wenye shahada wote waliojaa mle ndani, hapakuwa na mmoja aliyejua nini kiko kabati gani.

Ndiyo maana Daktari alipokuja alipelekwa kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka, mtafiti wa sumu zinazoingia kwenye mimea.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Wewe ni daktari wa kutibu au wa kusoma?”

“Wa kusoma.”

“Afadhali. Wa kutibu nawakimbia.”

Alicheka, akavuta kiti. Akaeleza kwamba kando ya kijito kinachopita nyuma ya kile kiwanda cha ngozi kilichofungwa, watu wengi mno walikuwa wakipata maradhi ya kutetemeka. Yale ambayo chembe za ubongo hufa kidogokidogo, mtu akakakamaa, akawa anaburuta miguu. Alishuku ardhi. Mti hunywa kilichomo ardhini, na jani lililochumwa mwaka fulani hubaki na habari za mwaka huo. Jumba lile lilikuwa na majani ya mkuyu mmoja wa pale kijitoni, yaliyochumwa kila mwaka tangu Mzee Gundi aanze kazi. Angekata kipande kidogo kama ukucha kutoka kila jani, akipime, aone sumu iliingia lini.

“Swali moja tu, mzee. Hizi karatasi mlizipaka dawa yoyote ya wadudu? Daftari halisemi.”

Mkono wa kulia wa Mzee Gundi ulikuwa mfukoni. Siku hizi aliuweka humo muda mwingi.

“Naftalini tu,” alisema. “Vile vidonge vya kabatini.”

Ulikuwa uongo mweupe pe. Mwaka wa saba wa kazi yake wadudu walivamia makabati wakatafuna maua ya mkoa mzima. Mkuu wa wakati huo akaleta chumvi ya zebaki, ikayeyushwa kwenye spiriti, na kila karatasi iliyoingia ikapakwa kwa brashi. Hakuna aliyeiita sumu. Iliitwa dawa. Mzee Gundi aliipaka kwa miaka kumi na miwili, mikono mitupu, maana glavu zilichana maua, na yeye hakuwa mtu wa kuchana ua. Kisha ikakatazwa, chupa zikaondolewa, mkuu akafa, habari ikafa naye.

Lakini Mzee Gundi aliwahi kusikia yaliyolipata jumba jingine kama lao. Wataalamu walikwenda na mashine, wakakuta zebaki, na kabla juma halijaisha kila karatasi ilikuwa imefukiwa shimoni na kumwagiwa saruji. Yeye alikuwa na karatasi elfu kumi na moja zenye mwandiko wake. Hakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba aliishi.

Daktari akakata vipande vyake, akashukuru, akaenda zake. Miezi minne ikapita.

Alirudi Jumatatu moja asubuhi akiwa amechangamka mno, akatandaza mchoro mezani.

“Mzee wangu, tazama. Miaka sita ya mwanzo, hakuna kitu. Mwaka wa saba, zebaki inapanda kama ukuta! Inakaa juu miaka kumi na miwili. Halafu inaanguka. Na watu wangu wa kijitoni wengi walikuwa wakiishi pale miaka hiyohiyo. Alhamisi nasimama mbele ya wataalamu kutoka kila pembe. Watu watahamishwa pale, mzee. Visima vitafungwa.”

Mzee Gundi aliutazama ule ukuta wa wino. Aliujua vizuri sana. Yeye ndiye aliyeujenga, kwa brashi ya inchi moja.

Alijiambia anyamaze. Kiwanda kimefungwa, nani ataumia? Lakini akili yake ilimjibu upesi kuliko alivyotaka. Watu wataondolewa kwenye nyumba zao kwa ajili ya brashi yake, na kilichowapata hasa, kama kipo, hakuna atakayekitafuta tena.

“Mbona umenuna?” Daktari alimtania. “Nimekuletea habari njema, wewe umekaa kama mtu aliyeibiwa baiskeli.”

“Nasikiliza.”

“Basi endelea kusikiliza, mimi nataka nipige picha ya yale majani ya mwaka wa nane.”

Akafungua kabati, akatoa jalada, akaanza kutafuta. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana. Daktari akafanya kama afanyavyo mtu yeyote anayefunua kitabu: akalamba kidole, akazitenganisha. Akakilamba tena.

“Usilambe!”

Sauti ilimtoka Mzee Gundi kama ya mtu anayemwita mtoto aliyekaribia kisima. Jalada likaanguka. Na mkono wa kulia, uliochomoka mfukoni wenyewe, ulikuwa hewani ukitetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada kama kinasokota uzi.

“Kaoshe mdomo. Nenda! Sabuni iko bombani. Usimeze mate.”

Aliporudi, uso unachuruzika maji, Mzee Gundi alimwambia yote. Chumvi, spiriti, miaka kumi na miwili. Hakujitetea.

“Nilikuuliza,” Daktari alisema kwa sauti ndogo. “Nilikaa hapahapa nikakuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Miezi minne, mzee! Na Alhamisi ningesimama pale nikawaambia watu wahame kwao kwa sababu ya... ya usafi wako wa kabati!”

“Nilijua wataninyang'anya. Utaniambia ni karatasi tu.”

“Sijasema.”

“Wenzako wanasema.”

Daktari aliutazama ule mkono. Kisha akaenda kuchukua glavu kwenye mkoba, akavaa, akayapanga majani ya mkuyu sakafuni kwa miaka, ili Mzee Gundi amwonyeshe yapi yalipakwa na yapi hayakupakwa. Mzee Gundi alikuwa akionyesha kwa fimbo ya pazia, hili ndiyo, hili siyo, alipoona Daktari hatazami tena majani. Alikuwa ameinama juu ya lebo.

“Lebo zote umeandika wewe?”

“Nani mwingine? Tazama hiyo herufi. Leo nani anaandika hivyo?”

“Naitazama. Hapa herufi zimesimama, kubwa, za duara. Njoo huku, miaka ya mwishoni. Zinaanza vizuri, zikifika mwisho wa mstari zimekuwa kama sisimizi. Na kila mwaka zinazidi kuwa ndogo.”

“Nilibadilisha nibu ya kalamu.”

“Nibu haifanyi hivyo, baba. Maradhi ya kutetemeka ndiyo hufanya.”

Hakuwa amemwita baba kabla ya hapo. Mzee Gundi alizitazama lebo zake, mstari mmoja mrefu kutoka dirishani hadi mlangoni. Alikuwa akijivunia kila moja peke yake, hakuwahi kuzipanga.

“Ni ile dawa?” aliuliza.

“Sijui. Nikisema najua nitafanya kosa lilelile ambalo ningelifanya Alhamisi. Watu wengi wanapata maradhi haya bila kushika brashi. Lakini nataka upimwe, na nataka kujua wenzako wa chumba hiki wako wapi.”

“Wawili wamekufa. Mmoja alikuwa akitetemeka. Tulisema ni pombe. Tulimcheka.”

Alhamisi Daktari alisimama mbele ya wataalamu akasema majani yake ya miaka kumi na miwili hayafai, na kwamba kijito anaanza kukipima upya kwa majani mabichi. Inasemekana mmoja alicheka. Kwa jumba la mimea aliandika barua mbili akiomba karatasi zisiharibiwe. Mkuu mpya, kijana wa tai, akakataa kufukia na akakataa kuacha wazi. Wakaja watu watatu wenye mavazi meupe, wakayafunga makabati kwa plastiki nene na kuyapeleka chumba cha nyuma. Mzee Gundi alikatazwa kuingia, akasimama ukumbini.

“Mzee,” mmoja wao akauliza, “hivi vyote ni vya kutupa?”

“Vya kutupa babu yako. Shika chini, usivute mlango!”

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe anaanua nguo. Alimweleza akiwa amesimama uani, kwa kuzungukazunguka, akianzia kwa wadudu waliokula maua, mpaka akafika kwenye mkono.

“Nilitaka kukuambia mapema,” alisema. “Sikutaka uhangaike.”

“Baba nanihii,” mkewe alisema akikunja shuka, “huu mwaka wa tatu nakufunga vifungo vya shati kila asubuhi. Ulidhani ni mahaba?”

“Nilidhani.”

“Mahaba yapo. Lakini macho nayo ninayo. Hospitali lini?”

“Jumatatu. Yule binti anatupeleka.”

“Basi kamata ncha hiyo ya shuka.”

Akaikamata kwa mikono miwili. Shuka likatetemeka kote, kutoka kwake hadi kwa mkewe, na mkewe akalivuta likakaza.