Nilimwita Kishoka wa Wodini

Nimekosa, na sitaki mnipunguzie lawama! Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, hospitali moja huku Shinyanga. Ninalosema leo hata mume wangu halijui.

Wodini kwetu kuna kina mama wanaolipwa na familia wakae na wagonjwa, wawalishe, wawaogeshe. Sisi manesi tunawaita vishoka. Niliona wanajifanya wanajua kazi niliyoisotea darasani miaka, jamani!

Mmoja ni Mama Kulwa, mjane, umri wa mama yangu. Sikuwahi kumpa hata shikamoo. Alikuwa anamwangalia mzee aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mguu. Mtoto wa mzee huyo ni mchimbaji Geita, hakuweza kuacha duara lake, shimo la dhahabu.

Siku ya tatu asubuhi Mama Kulwa akanifuata mezani.

"Sista, mzee hayuko sawa. Nimemwambia mwangaluka, hajaitikia. Na kikombe kinamponyoka."

Msukuma wa umri ule haachi salamu ya asubuhi ipite bure. Nilijua hilo, mimi mwenyewe Msukuma!

"Umesomea wapi, mama? Hapa tunapima presha, hatupimi salamu."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu wangu!

Saa ya daktari kupita ikafika. Nikawatoa vishoka wote nje ya geti, Mama Kulwa wa kwanza. Daktari akauliza kama mzee ana tatizo jipya. Nikajibu, "Hana." Mzee alikuwa amelala, kimya mno.

Mchana geti lilipofunguliwa nikasikia Mama Kulwa akipiga yowe. Kumbe damu ilikuwa inavujia kichwani tangu ile ajali. Mzee alikata roho kabla jua halijazama.

Sasa sikieni ubaya wangu. Ndugu walipofuata mwili, dada wa marehemu akanivuta pembeni.

"Sista, huyu mama ndiye alikuwa anamlisha. Mgonjwa aliyemuuguza kabla ya kaka naye alikufa. Alimpa nini kaka yangu?"

Huku kwetu, swali hilo likiulizwa juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, kila mtu anajua linakoelekea: kuitwa mchawi. Nilijua! Ilitosha kusema kwamba alikuja kunionya nikamfukuza. Nikaogopea kazi yangu.

"Mimi sijui alimpa nini," nikasema.

Mama Kulwa hakurudi tena wodini. Wiki ya pili nikaenda kwake. Mlango ulikuwa umeng'olewa, jiko limepinduliwa, mwenyewe hayupo. Jirani aliniangalia juu hadi chini, akaingiza watoto wake ndani, akafunga.

Juzi ndugu wale wamekuja na jogoo. Wananishukuru kwa kuwafumbua macho! Nikampokea.

Manesi wenzangu, anayeshinda na mgonjwa anaona msichoona. Msikilizeni! Na ukikosea, nakuomba, sema siku hiyohiyo, yule uliyemkosea akiwa bado yupo wa kuombwa radhi.